Katiba Iliyojipendekeza

Mkoche ni mti wa pwani, ndugu wa mnazi na mvumo; watoto hula makoche yake na wasukaji hutumia makuti yake. Pahala palipokuwa pakimea miti hiyo, kaskazini ya mji wa Dar es Salaam, katika Kinondoni, pakaitwa Mikocheni. Miti imekwenda na jina limebaki. Zao linalovunwa huko siku hizi ni sauti. Radio One na ITV zipo Mikocheni, Clouds ipo Mikocheni, na televisheni ya taifa, iliyozaliwa kwa jina la TVT na sasa ikiitwa TBC, nayo inarusha matangazo yake kutoka upande huo huo. Neno la Serikali likitaka kufika Nungwi, Micheweni, Kilwa au Ujiji, aghalabu hupita kwanza katika mitaa hiyo michache.

Katika mitaa hiyo hiyo kipo kituo cha daladala kiitwacho Kwa Warioba. Hapana waraka wa Serikali uliokiita hivyo. Watu walikipa jina la Jaji Joseph Warioba, Waziri Mkuu wa zamani, kama walivyozoea kuviita vituo vyao kwa majina ya watu wanaowajua, na makonda wakalipokea. Basi mwishoni mwa mwaka 2014 na miezi ya mwanzo ya 2015, abiria wa Mikocheni aliweza kuteremka Kwa Warioba hali redio ya gari inamsifia waraka ambao kazi yake kubwa ilikuwa kuifuta kazi ya Warioba. Waraka huo ulikuwa Katiba Inayopendekezwa.

Habari yenyewe inajulikana, na inatosha kuipitia kwa haraka. Mwisho wa mwaka 2010 Rais Jakaya Kikwete alitangaza kwamba nchi itaandika Katiba mpya. Mwaka 2012 iliundwa Tume ya Mabadiliko ya Katiba, Jaji Warioba akiwa mwenyekiti na Jaji Augustino Ramadhani makamu wake. Miongoni mwa wajumbe alikuwamo Dakta Salim Ahmed Salim. Tume ikazunguka Bara na Visiwani, ikasikiliza, ikaandika, na tarehe 30 Desemba 2013 ikakabidhi Rasimu ya Pili, yenye Muungano wa serikali tatu. Bunge Maalumu la Katiba likakutana Dodoma Februari 2014, likiwa na wabunge, wawakilishi, na wajumbe 201 walioteuliwa na Rais. Aprili wajumbe wa UKAWA wakatoka nje wasirudi. Waliobaki wakaendelea peke yao, wakarejesha serikali mbili, na mwanzoni mwa Oktoba 2014 wakaupitisha waraka wao, baada ya kanuni kurekebishwa ili wajumbe waliokuwa mbali na Dodoma, wakiwamo waliokwenda Hija, wapige kura huko huko waliko. Tarehe 8 Oktoba ukakabidhiwa kwa marais wawili katika uwanja wa Jamhuri, mbele ya ngoma na vifijo. Kilichobaki kilikuwa kura ya maoni. Na ili kura hiyo ipatikane, ikabidi wananchi waandaliwe.

Msomaji wa mashairi na asimame hapa kidogo, kwani jina lililochapwa juu ya jalada la kitabu kile ni jina linalostahili kuchambuliwa kama unavyochambuliwa mshororo. Pendeka ni kuwa na sifa ya kupendwa. Pendekeza, kwa asili ya umbo lake, ni kukifanya kitu kipendeke. Pendekezwa ni kutendewa hivyo. Kwa hiyo Katiba Inayopendekezwa, ukiisoma kwa sikio la mtunzi, ni Katiba inayofanywa ipendeke. Tena kitenzi cha kutendwa kina deni lake katika lugha yetu: mtu akisema kimepikwa, utauliza na nani, akisema imependekezwa, vilevile. Jalada halikulipa deni hilo. Iwapo mpendekezaji ni wananchi, ilikuwaje wapendekezewe walichokipendekeza wenyewe? Iwapo mpendekezaji ni Bunge Maalumu, wananchi waliokwenda mbele ya Tume walikuwa wakifanya nini? Na tusisahau kwamba kitenzi hicho hicho kikivaa kiambishi cha kujirejea hupata maana ambayo kila mtoto wa pwani anaijua. Anayejipendekeza humletea mkubwa maneno matamu ili apate anachokitafuta. Ajabu ya mwaka ule ni kwamba safari hii mkubwa ndiye aliyekuja kujipendekeza kwa mdogo, na gharama ya utamu huo ikalipwa na kodi ya mdogo.

Kila kundi liliitwa kwa jina lake. Wanawake waliambiwa juu ya hamsini kwa hamsini bungeni. Wakulima, wafugaji na wavuvi waliambiwa kwamba sasa wametajwa. Vijana waliambiwa, walemavu waliambiwa, hata wasanii waliambiwa kuwa haki zao zimo. Mengi ya hayo yalikuwamo kweli, na si haki kuyadharau. Mvuvi wa Kojani au wa Kunduchi hakuwahi kabla ya hapo kujiona ndani ya Katiba. Lakini hiyo ndiyo njia ya mchuuzi wa nyama aliye hodari: kila mteja huonyeshwa kipande akipendacho, wala hapana anayeonyeshwa mzoga mzima. Walionadi waraka ule walikuwa wazito wa ulimi walipofika kwenye yaliyoondolewa. Rasimu ya Warioba iliwapa wapiga kura haki ya kumrudisha nyumbani mbunge asiyewafaa kabla ya muda wake, nayo iliweka ukomo wa vipindi vya ubunge. Yote mawili yaliondoshwa na wale wale ambao yangewagusa. Bango la kuyatangaza hayo halikupatikana.

Lipo moja jingine ambalo wapenzi wa Kiswahili hasa wangepaswa kulipigia kelele zaidi kuliko walivyofanya. Rasimu ya Tume iliorodhesha tunu za Taifa: utu, uzalendo, uadilifu, umoja, uwazi, uwajibikaji na lugha ya Taifa. Katika Katiba Inayopendekezwa orodha ikawa: lugha ya Kiswahili, Muungano, utu na udugu, amani na utulivu. Angalia vizuri kilichotendeka. Kiswahili, kilichokuwa kimekaa mwisho kwa adabu kama mwenye nyumba anayewapisha wageni wake, kilipandishwa hadi kiti cha mbele; na katika msogezano ule maneno yake matatu, uadilifu, uwazi na uwajibikaji, yakatolewa barazani. Watetezi wa waraka walisema maneno hayo hayakutupwa, yamehamishiwa kwenye misingi ya utawala bora. Jibu hilo lina ukweli wa karani. Tunu ni kitu cha thamani kinachotunzwa na kurithishwa. Msingi wa utawala ni maelekezo kwa ofisi. Mwenye kuhamisha dhahabu kutoka kasha la mama na kuiweka katika droo ya meneja hawezi kudai kwamba hakuna kilichobadilika kwa kuwa uzani ni ule ule.

Na lugha ikaachiwa nini baada ya heshima hiyo? Ikaachiwa kazi ya kutangaza. Washairi na walimu wangapi walifurahia kuona Kiswahili kinatajwa kwanza, wasiulize kimetajwa pamoja na nani na kwa kumpisha nani? Lugha inapofanywa tunu peke yake, bila uwazi, inakuwa kama siwa ya Lamu ndani ya kabati la kioo: inapendeza, na haipulizwi.

Lakini mzizi wa ubishi huu ni hesabu. Tume ilisema kwamba katika waliozungumzia muundo wa Muungano, asilimia 61 ya watu wa Bara walitaka serikali tatu, na asilimia 60 ya Wazanzibari walitaka Muungano wa mkataba. Rais, alipolihutubia Bunge Maalumu tarehe 21 Machi 2014, alizigeuza namba hizo upande wa pili. Waliotoa maoni mbele ya Tume, alisema, walikuwa 351,664; waliozungumzia muundo walikuwa 47,820 tu, yaani asilimia 13.6, basi wale 303,844 waliosalia hawakuona kuwa muundo ni tatizo. Hiyo ni hesabu ya kutazamwa kwa makini na yeyote anayeheshimu maneno. Mama aliyesimama mbele ya Tume akalalamikia maji na zahanati, kisha akaketi, alihesabiwa kuwa ameridhika na serikali mbili. Kimya chake kilipewa kura. Aliyesema hakutosha kwa kuwa ni wachache, na asiyesema akatosha kwa kuwa ni wengi.

Si mara ya kwanza. Mwaka 1991 Tume ya Jaji Francis Nyalali iliwauliza Watanzania kuhusu chama kimoja au vyama vingi. Katika watu 36,299, asilimia 77.2 walisema kibaki chama kimoja. Serikali iliamua kuwasikiliza wachache, na mwaka 1992 vyama vingi vikaruhusiwa. Wengi husifu uamuzi huo, na wana sababu nzuri. Mwenye akili haachi haki ya wachache izamishwe na wingi. Wanachosahau ni kulinganisha. Mwaka 1992 wachache walikuwa na hekima, na mwaka 2014 wachache walikuwa wachache tu. Mwaka 2007, wananchi walipoulizwa juu ya kuharakisha Shirikisho la Afrika Mashariki, Kamati ya Profesa Samuel Wangwe ikaja na jibu kwamba wengi hawaitaki haraka hiyo, Serikali ikainama na kusema wananchi wamesema. Almuradi sikio lipo na linafanya kazi. Lina mlango, na funguo zake ziko kwa mwenyewe.

Ndiyo maana maneno ya kampeni yanatisha kuliko kampeni yenyewe. Kuelimisha wananchi. Kuhamasisha wananchi. Kuandaa wananchi. Katika sentensi zote hizo mwananchi ni shamirisho. Halimo tendo hata moja alitendalo yeye. Kuandaa ni neno zuri la nyumbani, linaloshuhudiwa kila magharibi ya Ramadhani: mkeka umetandikwa, tambi na mbatata zimeandaliwa, watu wanasubiri adhana. Kinachoandaliwa ni chakula, nao wenye kuandaliwa chakula ni wageni. Serikali ikisema inawaandaa wananchi kwa mabadiliko, ni halali kuuliza kama wao ni wageni au ni futari.

Itasemwa, na husemwa kwa nia njema, kwamba Katiba ni waraka mrefu wa kisheria, kwamba wengi hawana nafasi ya kuusoma, kwamba redio ndiyo pekee inayomfikia mtu wa Tumbatu na wa Namtumbo kwa siku moja. Kweli tupu. Hapana anayepinga redio. Mbiu ya mgambo ni ya zamani kuliko redio, na watu wa mwambao hawajawahi kuichukia; wakiisikia hujua kuna jambo. Ila mpiga mbiu alikuwa na sifa mbili ambazo tangazo halina. Alionekana, na aliulizwa. Alipofika uwanjani akatoa lake, mzee mmoja aliweza kumwambia: hebu rudia hapo, aliyekutuma alisema vyote au nusu? Akijikanyaga, mji mzima ulijua. Tangazo halirudii lililofichwa wala halijikanyagi. Linapita katikati ya sabuni na vocha za simu, kwa sauti ile ile ya kijana mchangamfu iliyosifu sabuni, likaisha kabla swali halijapata maneno yake. Aliyekubali kuipeleka Katiba kwa njia hiyo aliamini, bila ya kusema, kwamba kura ya ndiyo na kununua sabuni ni kitendo cha aina moja.

Visiwani watu wana kipimo chao cha jambo hili. Tarehe 31 Julai 2010 Wazanzibari walipiga kura ya maoni juu ya Serikali ya Umoja wa Kitaifa, na asilimia 66.4 wakakubali. Kampeni ilikuwapo, tena ya pande zote. Lakini tangazo kubwa lilikuwa limekwisha kutolewa mwezi Novemba 2009, siku ambayo Amani Abeid Karume na Seif Sharif Hamad walionekana wamekaa pamoja Ikulu. Watu waliowazika maiti wao baada ya Januari 2001 hawakuhitaji kuelimishwa maana ya maridhiano. Walihitaji kuona kwamba wakubwa wenyewe wameelimika. Hata wale asilimia 33 na ushei waliokataa, walikataa kitu walichokijua, na hapana aliyewaita wajinga wasioandaliwa. Mabadiliko yale yaliteseka baadaye, hilo ni kisa kingine. Lakini kura ile ilikuwa kura.

Mwaka 2014 mambo yalikuwa kinyume. Mwanasheria Mkuu wa Zanzibar, Othman Masoud Othman, ambaye kwa cheo chake ndiye aliyepaswa kuisoma Katiba ile kwa jicho la Zanzibar, alipiga kura ya hapana kwa baadhi ya ibara zake hadharani. Kabla ya mwezi ule wa Oktoba kwisha alikuwa ameondolewa katika cheo chake. Siku zile zile wananchi walikuwa wakihimizwa waisome Katiba kwa makini na waamue kwa uhuru. Mtu mmoja aliisoma kwa makini na kuamua kwa uhuru, na kila mtu aliona mwalimu huyo wa kwanza wa elimu ya uraia alilipwa nini.

Somo la pili lilitolewa Ubungo, tarehe 2 Novemba 2014. Taasisi ya Mwalimu Nyerere iliandaa mdahalo juu ya Katiba, Jaji Warioba akawa msemaji. Alipokuwa akieleza, vijana wakainua mabango ya kuiunga mkono Katiba Inayopendekezwa, viti vikaruka, na mzee aliyekuwa Waziri Mkuu wa nchi akapigwa. Waliofanya hivyo hawakuwa tangazo la Serikali, na lisisemwe lisilothibitishwa. Ila hewa waliyoivuta ilikuwa ile ile: hewa ya nchi iliyoambiwa kwamba jibu limekwisha kupatikana, na kwamba mwenye kuuliza anachelewesha sherehe. Shaaban Robert aliliona hilo mapema. Katika Kusadikika, kitabu cha mwaka 1951, Karama anashitakiwa mbele ya baraza kwa kosa la kufundisha watu sheria. Watoto wa shule walisomeshwa kisa hicho miaka na miaka, na bado viti vikaruka Ubungo.

Si mbali na Mikocheni, ukivuka kwa miguu upande wa bahari, ipo Msasani, na Msasani ndipo alipoishi Mwalimu Julius Nyerere. Rais huyo wa kwanza alikuwa na kazi ya usiku ambayo warithi wake hawakuirithi: alifasiri. Juliasi Kaizari wake ulitoka mwaka 1963. Kila aliyewahi kuhangaika na tamthilia ile ya Shakespeare, iwe kwa kusoma au kufasiri, hukumbuka pale Antoni anaposimama mbele ya umati na wasia wa Kaizari mkononi. Anautaja, anauficha, anasema hausomi, hadi watu wanapiga kelele usomwe. Antoni ni mjanja, na ujanja wake utaiunguza Roma. Hata hivyo angalia umati ule ulioambiwa daima kuwa ni mjinga: ulidai karatasi isomwe mbele yake. Mshawishi wa Roma alilazimika kuufungua waraka. Mshawishi wa mwaka 2014 alitaka waraka upigiwe makofi ungali mkononi mwake, na aliyedai kusoma kwa sauti ibara zilizoondolewa aliambiwa anapotosha.

Kura yenyewe haikupigwa. Ilipangwa kuwa tarehe 30 Aprili 2015. Tarehe 2 Aprili mwenyekiti wa Tume ya Uchaguzi, Jaji Damian Lubuva, akatangaza kuahirishwa, kwa kuwa uandikishaji wa wapiga kura kwa mashine za BVR, ulioanza Februari mkoani Njombe, ulikuwa bado mbali kukamilika. Basi nchi iliandaliwa kwa miezi sita kwa ajili ya kura ambayo mwandaaji hakuwa na daftari la wapigaji wake. Tarehe mpya haikuja. Rais aliyefuata alisema Katiba mpya si kipaumbele chake. Rais Samia Suluhu Hassan, aliyekuwa makamu mwenyekiti wa Bunge Maalumu lile lile, aliomba mwaka 2021 apewe muda wa kuujenga uchumi kwanza. Mwaka 2023 Serikali ikaja na jipya: wananchi wafundishwe Katiba iliyopo, kwa miaka mitatu, ndipo wazungumzie nyingine.

Miaka mitatu ya somo kwa watu ambao 351,664 kati yao walikwisha kuitikia wito na kutoa maoni! Waliosema juu ya maji walisema juu ya madaraka ya mwenye kuleta maji. Waliosema juu ya ardhi walisema juu ya nani amilikishwe. Kumbukumbu za Tume zimejaa somo, na mwanafunzi anayetakiwa kulisoma anajulikana.

Tarehe 29 Oktoba 2025, siku ya uchaguzi mkuu, maandamano yalizuka Dar es Salaam na katika miji mingine ya Bara. Watu waliuawa, amri ya kutotoka nje usiku ikatangazwa jijini, na intaneti ikazimwa kwa siku kadhaa. Miezi miwili kabla ya hapo, katika kampeni, ahadi mpya ilikuwa imetolewa: mchakato wa Katiba utaanzishwa ndani ya siku mia moja za mwanzo. Ahadi ilisemwa jukwaani na kurushwa na vituo vyote, kwa sauti safi, bila mkwaruzo.

Ukipita leo Barabara ya Mwai Kibaki, ambayo wazee wangali wakiiita barabara ya zamani ya Bagamoyo, mabango ya simu na ya benki yamejaa kulia na kushoto. Waraka wa mwaka 2014 hauna bango. Konda anapokaribia kituo hugonga bati la gari mara mbili na kuita, "Kwa Warioba, wapo?" Na kila safari yupo mtu anayejibu kwamba yupo.